Nguvu ya padri ni ya nani? Fikara juu ya mchezo mmoja wa Wamarekani

Ndugu wasomaji, mtashangaa kukuta katika kitabu hiki cha mila zetu habari ya mchezo uliotoka Marekani. Lakini swali linalokuwa ndani ya mchezo ule ni swali la wazee wetu, na tena ni la leo. Mtu anayesema amepewa nguvu na Mungu ao na wahenga, nguvu ile ni mali yake? Na kama si mali yake, nani anaweza kumunyanganya?

Sababu iliyotusukuma ni hii. Vijana wa shirika letu wameanza kuandika mchezo wa aina hiyo, wenye kusimulia inchi ya kale ya huku kwetu Kivu. Walikuja kutuuliza: mganga tumuandikie sheria gani? Tulifikiri ni kazi ya siku moja. Kumbe tulikaa vikao vinne.

Tuanze kwa kuueleza mchezo wenyewe, ju wengi hawaujui. Unaitwa Dungeons & Dragons. Gary Gygax na Dave Arneson ndio walioutunga, ukatoka mwaka wa 1974, vitabu vitatu vidogo ndani ya kisanduku. Hakuna mupira, hakuna karata. Watu wanakaa kwenye meza, mmoja anasimulia, wengine kila mtu anajifanya mtu fulani wa hadithi, na dadu njo inaamua kama tendo limefaulu. Ni kama hadithi za jioni penye moto, isipokuwa wasikilizaji wenyewe wanaingia ndani na kutenda. Kila mchezaji anachagua kazi yake. Mwanzoni kazi zilikuwa tatu: mpiganaji, mtu wa maneno ya siri, na padri.

Padri yule alizaliwa kwa namna ya ajabu. Katika michezo ya Arneson kule Minnesota, mchezaji mmoja alikuwa anacheza maiti inayofufuka usiku na kunyonya damu ya watu, akapata nguvu kupita wenzake wote. Wakatafuta wa kumushinda. Wakachukua mfano wa wawindaji wa sinema, wale wenye kuinua msalaba mbele ya maiti ya namna hiyo. Maana yake padri hakuingia katika mchezo ju watu walitaka kuomba. Aliingia kama paka anavyoingizwa nyumbani ju ya panya. Kisha wakamuvalisha miujiza ya Biblia: kugeuza fimbo kuwa nyoka, kuponyesha, kufufua wafu. Wakamukataza silaha yenye makali, lakini rungu wakamuachia. (Kumwaga damu kwa upanga ni mwiko, kuvunja kichwa kwa rungu hapana! Wazee walicheka sana waliposikia hivyo.)

Sasa tazameni namna anavyopanda cheo. Katika kitabu cha 1974 vyeo vya padri vina majina: cha tatu ni padri wa kijiji, cha sita ni askofu, cha nane ni patriarka. Kufika uaskofu inaomba alama 25.000, upatriarka 100.000. Na alama zinatoka wapi? Zinatoka katika kuua wanyama wa kutisha na kukusanya zahabu. Hakuna alama ya kuzuru mgonjwa. Hakuna ya kupatanisha ndugu wawili walioachana ju ya shamba. Mtu anakuwa askofu kwa kuhesabu zahabu aliyotoa ndani ya shimo! Msicheke haraka, ndugu zetu. Kuko na makanisa katika miji yetu ambamo hesabu ni ileile, tofauti ni kwamba dadu haionekani.

Hapa tuliwakumbusha vijana habari ya bwami ya Warega, wale wa Shabunda, Mwenga na Pangi. Bwami si kanisa, na wenye bwami hawakuwa mapadri, tusichanganye mambo. Lakini ilikuwa na vyeo, na mtu alipanda toka kongabulumbu mpaka kindi. Kupanda kuliomba mali, ndiyo: musanga, nyama, mbuzi. Lakini mali ile haikuwa ya mtu peke yake. Ndugu za baba walichanga, wajomba walichanga. Mtu asiyesikilizana na ukoo wake hakupata wa kumuchangia, akabaki chini hata kama ana akili. Wakubwa wa cheo walimuchungua tabia: ana hasira? anasengenya? Na sanamu za pembe za tembo walizozishika wakubwa hazikuwa za kuuza. Zilikuwa za kutunza na kupitisha kwa atakayefuata. Mke wa kindi naye alikuwa na cheo chake cha bunyamwa. Kwa hiyo cheo cha mtu mmoja kilikuwa kama kamba yenye mikono mingi. Akianguka, wote waliovuta wanajua.

Wamarekani wenyewe waliona tatizo, tuwape haki yao. Katika kitabu cha msimulizi cha 1979, Gygax aliandika kwamba miujiza midogo padri anaipata kwa mafunzo na imani yake, ya katikati analetewa na watumishi wa mungu wake, na mikubwa kabisa anapewa na mungu mwenyewe. Akikosa mwenendo, anaweza kunyimwa mpaka atubu. Nguvu ni mkopo, basi. Mwaka wa 1978 ulitoka mchezo mwingine, RuneQuest, wenye dunia iliyobuniwa na Greg Stafford. Ule unatupendeza zaidi. Pale hakuna padri wa hivihivi tu, kuko padri wa mungu fulani, katika hekalu fulani, mwenye miko fulani, na kusudi apate muujiza anatoa sehemu ya nguvu ya roho yake, hairudi tu yenyewe asubuhi kama maji ya bomba.

Lakini katika chapa ya nne ya Dungeons & Dragons, ya 2008, waligeuza: padri akishawekwa wakfu, nguvu inabaki kwake, hata mungu wake hamunyanganyi. Vijana walisema huo ni upumbavu. Mzee mmoja katikati yetu, katekista wa zamani, akawajibu: «Munasema upumbavu? Nyinyi mulibatizwa na nani?»

Alikuwa na haki. Swali hilo Afrika ilishapigana juu yake. Kule kaskazini, katika mwaka wa 300 na zaidi, wafuasi wa Donato walisema padri aliyesaliti Vitabu Vitakatifu wakati wa mateso hana kitu tena cha kutoa: ubatizo wake ni maji tu. Agostino, askofu wa Hippo, alikataa. Ubatizo si wa padri, ni wa Kristu. Mikono michafu haiuchafui. Ukisoma haraka, utafikiri Agostino anamulinda padri mubaya. Hapana. Anamulinda mama aliyeleta mtoto wake kubatizwa, asiyeweza kujua siri za moyo wa padri. Kama nguvu ingekatika kila mara padri akikosa, mama yule asingelala usingizi.

Kwa hiyo kuko njia mbili, na zote mbili zina sababu. Moja inamuogopesha mtumishi, nyingine inamutuliza mwenye kutumikiwa. Mtunga mchezo anapoandika mstari mmoja tu kuhusu nguvu ya padri, anachagua upande, hata akisema ni mchezo tu.

Kuna jambo moja lakini ambalo hatukuwaachia vijana nafasi ya kuchagua. Katika kitabu cha 1974 padri wa mchezo alikuwa na uwezo wa kutambua ubaya: alitaja neno, na mara moja alijua ni nani mwenye nia mbaya. Hakukosea. Kwa Mmarekani anayecheza siku ya posho usiku, ni kifaa cha hadithi. Kwetu, hiyo njo kazi inayodaiwa na baadhi ya watu wa vyumba vya maombi: kufunga macho, kunyoosha kidole, kusema «ni huyu». Na huyu ni nani kila mara? Ni bibi kizee mjane, ni mtoto yatima anayekojoa kitandani, ni mtoto wa mke wa kwanza. Tumewaona watoto wale sokoni. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, katika kifungu chake cha 160, inamupa anayemushitaki mtoto uchawi kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu. Sheria iko, kidole nacho kiko.

Mwaka wa 2002 huko Marekani kilitoka kitabu Nyambe, cha Christopher Dolunt, chenye kutia michezo hii katika Afrika ya kubuniwa. Ni kazi ya heshima, inaacha picha za Tarzan. Lakini neno mchawi ndani yake limekuwa kazi mojawapo ya kuchagua, kama fundi seremala. Anayeishi mbali anaweza kuandika hivyo. Sisi neno hili limeshachoma nyumba.

Basi tuliwaandikia vijana hivi. Mganga wenu asione ubaya ndani ya mtu. Aulize maswali, atazame, asikilize, na dadu isimwambie kamwe jina. Miko yake ijulikane na wachezaji wote, si msimulizi peke yake, na yeyote kwenye meza awe na ruhusa ya kumuuliza kama ameivunja. Apande cheo pale kijiji kinapomuchangia. Malipo yake mengi yaje kisha mgonjwa kupona, kama wazee wanavyosimulia. Kijana mmoja alinungunika kwamba mganga wa namna hiyo ni muzaifu, hakuna atakayemuchagua. Walimujaribu siku mbili. Alirudi akisema njo aliyesemeshwa na watu kupita wote, ju bila maswali yake hadithi haisogei.

Tulibakia na jambo moja ambalo hatukupatana. Mganga amevunja mwiko wake usiku, na asubuhi wanamuletea mtoto mwenye homa kali. Dawa inafanya kazi? Katekista anasema ndiyo, mtoto hana kosa, na mganga atahukumiwa kisha. Mama mmoja wa Mwenga anasema hapana: mganga mwenyewe analazimishwa kukiri mbele ya watu wote na kutuma mtoto kwa mganga mwingine, hata kama ni mwendo wa siku nzima. Vijana wameacha ukurasa ule mweupe katika daftari yao, na kila meza inayocheza inaandika jibu lake kwa penseli.