Gati la Bawden ni Lipi?

Mwaka 1958 Mwingereza Edward Bawden alitengeneza picha ya gati la Brighton, lile lililofunguliwa mwaka 1899 ili wageni wa kiangazi watembee juu ya bahari. Brashi na turubai aliviweka kando. Alichonga linoleamu, ile inayotandikwa sakafuni, akaipaka wino, akaikandamizia karatasi. Zikatoka chapa nyingi za gati lile lile. Ipi kati yake ndiyo picha ya asili?

Plato angejibu haraka. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri anaanza na umbo halisi la kitanda, anakuja kwenye kitanda cha seremala, halafu picha ya mchoraji, iliyo hatua ya tatu kutoka kwenye ukweli. Kwa hesabu hiyo chapa iko chini zaidi, kwa kuwa ni nakala ya kilichochongwa. Mwanafalsafa Walter Benjamin, akiandika katika miaka ya 1930, alisema kwamba upekee wa kazi ya sanaa hufifia inapozalishwa kwa wingi.

Hoja hizo zinayumba mtu akisogelea meza ya kazi. Kwenye kibao, yaani linoleamu iliyochongwa, kila kitu kimegeuzwa: mashua inayoelekea kushoto itaelekea kulia karatasini. Mchongaji akitaka povu la wimbi, huchimba linoleamu kwa patasi nyembamba ili sehemu ile isiguswe na wino. Weupe wa jua la Agosti juu ya maji ni karatasi tupu. Jua hilo halimo kwenye kibao. Linaonekana mara ya kwanza karatasi inapobanduliwa.

Kusini mwa Ufaransa, Pablo Picasso alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1959, akifanya kazi na mpigachapa Hidalgo Arnéra huko Vallauris, karibu na pwani ya Mediterania, alitumia kibao kimoja kwa rangi zote. Rangi nyepesi ilipigwa kwanza kwenye karatasi zote, kibao kikachongwa tena, ikapigwa iliyokoza zaidi, na kuendelea hivyo. Kila hatua iliiangamiza iliyotangulia, na kosa la patasi halikuwa na toba. Mwishoni kibao kilibeba umbo la rangi ya mwisho tu. Hapo Plato angetafuta asili asiione popote, ila katika hizo chapa zenyewe.

Kwa hiyo kila chapa ni asili kamili.

Claude Flight, aliyefundisha sanaa hii London miaka ya 1920, alitaka chapa ziuzwe kwa bei ya bia au tiketi ya sinema, na alikuwa sahihi. Soko limependa uchache: namba za penseli kama 7/50, yaani chapa ya saba kati ya hamsini, na vibao kuharibiwa makusudi toleo likiisha. Desturi hiyo inalinda bei, wala haiongezi chochote kwenye picha. Anayenunua chapa ya bahari aitazame kwanza karatasi, wino ulivyokaa na patasi ilivyopita. Namba ataisoma baadaye.