Ritani ya Ushuru na Ushahidi Dhidi ya Nafsi

Kati ya Januari 1 na Juni 30 kila mwaka, Mkenya mwenye PIN hutakiwa kuwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru (KRA) ritani ya mapato yake ya mwaka uliotangulia. Kijana aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza ana haki ya kushangaa. Ushuru wake ulikatwa kwenye mshahara mwezi baada ya mwezi, kabla hajaushika. Sasa anadaiwa nini tena? Huambiwa kwamba akichelewa atatozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Ni kweli, lakini jibu la faini halimfikishi mbali. Pesa imeshachukuliwa, kinachosubiriwa ni kauli yake, na naona kauli hiyo inamgusa mtu wa dini kuliko malipo yenyewe.

Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1901, neno la mwenye boma halikuhitajika. Vibanda vilihesabiwa, akadaiwa. Ritani ya leo inamuuliza mtu mwenyewe. Fomu ya P9 kutoka kwa mwajiri itataja mshahara, lakini malipo ya kazi za mtandaoni jioni, au faida ya kuku wanaouzwa mtaani, huenda yanajulikana kwake na kwa Mola wake tu. Anapojaza fomu anageuka shahidi katika kesi inayomhusu yeye, tena bila mtu wa kumhoji. Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa inawataka waumini wasimamie haki na kutoa ushahidi hata dhidi ya nafsi zao. Amri ya Musa nayo inakataza kumshuhudia jirani uongo. Na jirani wa mkwepa ushuru ni muuguzi au mwalimu ambaye mshahara wake hauna mahali pa kujificha, naye ndiye anayebebeshwa pengo.

Hoja nzito ya kupinga haya inajulikana: kwa nini niwe mkweli kwa serikali inayofuja? Vijana waliojaa barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, hadi Rais akakataa kuutia saini, hawakuwa wakilalamikia hewa. Wala dini haibariki kila tozo. Wanazuoni kama al-Ghazali na al-Shatibi waliruhusu watu watozwe zaidi ya zaka pale tu hazina inapokauka na haja ikawa ya kweli. Katika Injili ya Luka, Yohana Mbatizaji aliwaonya watoza ushuru wasidai kupita kiwango kilichowekwa. Lakini udhalimu wa mtawala unampa raia haki ya kukataa, haumpi haki ya kusema uongo. Henry David Thoreau aligoma kulipa kodi ya kichwa kule Massachusetts, akalala jela usiku mmoja mwaka 1846. Gandhi alivunja sheria ya chumvi mwaka 1930 mbele ya macho ya dunia. Wote walijitokeza kwa majina yao, tayari kuadhibiwa. Anayeficha mapato gizani hajamwajibisha fisadi yeyote. Amebakiza tu chake mfukoni, kisha akakiita kitendo hicho siasa.

Wengine husema sufuri kwenye fomu haimdhuru mtu. Inategemea ni ya nani: mwanafunzi asiye na kipato akijaza sufuri amesema kweli tupu, na mwenye duka akiiga sufuri hiyo hiyo ametoa ushahidi wa uongo.

Basi wewe unayejaza kwa mara ya kwanza, dai P9 yako mapema, orodhesha na vya pembeni, usingoje msongamano wa wiki ya mwisho ya Juni. Ukiwa na ugomvi na serikali, upeleke bungeni, mahakamani au barabarani kwa amani, wala usiufiche ndani ya fomu.