Mcheza Kwao Hutuzwa, Lakini na Nani?

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutuzwa. Methali hii twaitaja mara nyingi, wala hatuulizi swali lililofichwa ndani yake: hutuzwa na nani? Wahenga hawakumtaja mwenye kutuza kwa sababu hapakuwa na haja. Ngoma ilipolia, watu wa mji walikuwa wamekwisha kusimama kandokando ya uwanja. Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana wa mtaani apiga gitaa katika ukumbi mdogo wenye viti thelathini, na viti ishirini na vitano havina watu. Jirani zake wako nyumbani, wakisikiliza katika simu sauti za watu wa mbali. Je, jirani hao wamemkosea? Au kila mtu na hiari yake, wala hapana deni?

Wengi watajibu upesi kwamba hapana deni. Muziki ni starehe, na starehe haina sheria. Tena, watasema, sauti iliyorekodiwa kwa mitambo mizuri ni safi kuliko ya kijana anayejifunza. Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Lakini imesimama juu ya wazo moja ambalo yatupasa kulipima: kwamba wimbo ni bidhaa iliyokwisha kutengenezwa, na kazi ya msikilizaji ni kuipokea tu.

Natutazame mfano wa Siti binti Saad wa Unguja. Zamani za Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, taarabu ilikuwa muziki wa jumba la mfalme, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, mtoto wa watu maskini, akapata kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji. Yeye aliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay kurekodi sahani za santuri, na sauti yake ikaenea pwani yote.

Basi, mtu aweza kusema kwamba sahani ndizo zilizomfanya Siti. La, sivyo. Nyimbo hazikuzaliwa Bombay. Nyingi zilitoka Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida, ambako jirani walikusanyika nyumbani kwake jioni kumsikiliza. Mambo yaliyowaumiza watu hao ndiyo yaliyoingia katika nyimbo. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, ulisimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa. Muuaji akatoroka, na adhabu ya mahakama ikawaangukia wengine. Waliousikiliza wimbo huo walikijua kisa, na uchungu wake ulikuwa uchungu wao. Sahani ilichukua sauti ikaipeleka mbali. Lakini watu waliokaa chumbani ndio waliompa mwimbaji jambo la kuimba.

Hapa ndipo tunapoona kwamba msikilizaji aliyepo si mpokeaji mtupu. Mwimbaji aona nyuso. Watu wakinyamaza, ajua kwamba neno limepenya. Wakianza kunong'onezana, ajua kwamba amewapoteza, naye hujirekebisha papo hapo. Ukisikiliza rekodi mara mia, aliyeimba hatakuona, wala hutambadilisha hata kidogo. Rekodi ni kitu chema, nayo huwafariji wagonjwa na wasafiri. Lakini haituombi lolote, na kwa hiyo haituzoezi kutoa lolote.

Liko pia jambo la haki. Twataka tukiwa na harusi wapatikane wapigaji. Tukiwa na msiba, wapatikane waimbaji. Twawahesabu kama maji ya kisima, kana kwamba watakuwapo siku zote. Lakini nyuzi za gitaa hununuliwa, ukumbi hulipiwa, na vidole huzoezwa kwa miaka. Asiyekwenda kuwasikiliza wakati wa kujifunza, kisha awaita wakati wa haja yake, avuna shamba asilolilima. Chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa Unguja mwaka 1905, nacho kimevuka miaka mia moja. Jambo kama hilo halifanywi na wapigaji peke yao. Palikuwa na watu, kizazi baada ya kizazi, waliokubali kutoka nyumbani mwao wakaenda kukaa na kusikiliza.

Hata hivyo, deni hili tusilikuze kupita kiasi. Si sawa na deni la fedha ambalo mdai aweza kulidai kwa siku yake na kwa kiasi chake. Hakuna mtu awezaye kusema, "Ulipaswa kuja kwangu Jumamosi iliyopita." Ni deni la mtaa mzima, na kila nyumba yachukua sehemu yake kwa kadiri ya nafasi yake. Mama mwenye mtoto mchanga hana lawama. Lakini mtaa ambao hakuna hata mmoja aendaye, huo umeshindwa, na kila mmoja ajiulize sehemu yake iko wapi.

Wazazi nao watauliza: je, tuwapeleke watoto usiku mahali pa pombe na maneno machafu? Swali lao ni la haki. Si kila onyesho lafaa, na si kila wimbo wastahili sikio. Lakini dawa ya mahali pabaya ni kutengeneza mahali pema. Sebule yatosha, baraza yatosha, ua wenye mkeka watosha. Familia nne zaweza kumwalika mpigaji mmoja Jumapili alasiri, zikamlipa kwa mchango, watoto wakakaa chini mbele yake. Hapo mtoto ataona kwamba muziki watoka katika mkono wa mtu, mkono unaotoka jasho na kukosea na kurudia tena.

Tukishakwenda, twende kwa ajili ya nani? Katika taarabu mtu huinuka akaenda taratibu hadi mbele ya mwimbaji kumtuza. Ni desturi nzuri. Lakini wako wanaotuza ili waonekane, au ili maneno ya wimbo yamchome hasimu aliyeketi upande wa pili. Na leo wako wanaoinua simu tangu mwanzo hadi mwisho, ili wengine wajue kwamba walikuwapo. Tuzo ya namna hiyo humrudia mwenye kuitoa. Mcheza kwao hutuzwa kwanza kwa kusikilizwa. Fedha hufuata, nayo isikose. Wala kusikiliza si kusifu ovyo. Kijana akikosea, aliyemsikiliza vema ndiye awezaye kumwambia ukweli akauamini.

Msomaji mpenzi, katika mtaa wako hakosi yupo apigaye kinanda, au zeze, au gitaa. Ulizia jina lake. Kabla ya mwezi huu kwisha, nenda ukakae mbele yake saa moja, pamoja na watoto wako. Wahenga waliacha nafasi katika methali yao. Nafasi hiyo ni yako.