Mpira Uliotokwa na Pumzi

Swali hili katekista huulizwa mara nyingi: Je, ni halali kuwavuta vijana kwa mchezo ili wapate kusikia Neno la Mungu? Wengine hujibu upesi: Ndiyo, hata mvuvi hutia chambo. Lakini tufikiri vema. Chambo humdanganya samaki, naye mvuvi hampendi samaki, ataka kumla. (Mitume nao walikuwa wavuvi, lakini walipoitwa walikuwa na nyavu mkononi, si ndoana.)

Tutazame habari za John Thompson. Alizaliwa mwaka 1941 mjini Washington, Marekani, katika jamaa maskini ya watu weusi. Utotoni walimu walimdhania hana akili, kwa kuwa alishindwa kusoma. Alipokua akawa mrefu sana, akacheza mpira wa kikapu. Na tangu 1972 hata 1999 akawafundisha vijana mchezo huo katika Georgetown, chuo kikuu cha Mapadri Wayezuiti. Mwaka 1984 timu yake ilivishinda vyuo vyote vya Marekani. Kabla yake hakuna mwalimu mweusi aliyepata ushindi huo.

Hata hivyo, katika chumba chake cha kazi aliweka mpira uliotokwa na pumzi. Kila kijana aliyeingia aliuona, umenywea, haurukiki. Maana yake ilikuwa wazi: usiyajenge maisha yako juu ya hewa, kwa maana siku moja itatoka, nawe utabaki na nini? Basi aliwadai masomo kwa ukali, na karibu wote waliokaa naye miaka 4 walipata diploma.

Mwalimu akimpenda kijana kwa ajili ya mikono yake tu, mchezo ni chambo kweli. Siku kijana atakapovunjika mguu, mapendo nayo yatakwisha. Lakini akimpenda yeye mwenyewe, uwanja ni kama kile kisima ambapo Yesu aliketi na mwanamke Msamaria. Maji yale yalikuwa maji ya kweli, na kiu ilikuwa ya kweli. Hapakuwa na udanganyifu.

Labda mtauliza: Na kijana mfupi je? Hapo nami nasumbuka, kwa maana mchezo huu huchagua warefu. Asiyechaguliwa naye ana roho, na mwalimu asiyejua jina lake hajaanza kazi yake.

Mwaka 1987 kijana wa Kinshasa, Dikembe Mutombo, alifika Georgetown akitaka kuwa mganga. Thompson akamwita uwanjani. Uganga hakuupata, ila alipata diploma mwaka 1991, akacheza kwa mshahara hata 2009. Mwaka 1997 mama yake alifariki Kinshasa, kwa kuwa machafuko yalimfungia njia ya hospitali. Mwaka 2007 mwanawe akafungua hospitali mjini humo, yenye vitanda 300, akaiita kwa jina la mama: Biamba Marie Mutombo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2024. Wagonjwa wanaoletwa humo hawaulizwi kimo chao.