Nyayo za Nani?

Mtu aliyeko Matiri, katika nchi ya Wamatengo wilayani Mbinga, akinuia kuizuru njia ya kale ya misafara baina ya Ziwa Nyasa na Kilwa, kwanza hutafuta ramani, pili nauli, tatu mwenyeji wa kumpokea. Mambo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Liko swali ambalo ramani haina jibu lake: atakwenda kwa nyayo za nani?

Katika karne ya 19 njia hiyo ilikuwa na wapitaji wa namna mbili. Mfanyabiashara alitoka Kilwa Kivinje na nguo, shanga na bunduki, akaelekea ziwani. Mateka alielekea pwani, pengine na pembe ya ndovu begani. Wengine walianzia ng'ambo ya ziwa, Nkhotakota, katika Malawi ya leo, ambako tangu miaka ya 1840 watawala walioitwa Jumbe walikuwa na majahazi ya kuwavusha. Wa kwanza aliijua njia kabla ya kuondoka. Wa pili hakuulizwa. Njia ilikuwa moja, safari zilikuwa mbili.

Wako wasemao kwamba heri njia hiyo iachiwe majani, kwa kuwa si adabu kutembea kwa furaha palipotembewa kwa machozi. Neno hili lina huruma, lakini halina haki. Usahaulifu haufuti wote sawasawa. Mfanyabiashara ameacha magofu ya nyumba zake Kivinje. Albrecht Roscher, Mjerumani aliyefuatana na msafara kutoka Kilwa, akafika ziwani mwaka 1859 na kuuawa mwaka 1860, ameacha jina lake vitabuni. Maelfu waliotembea kinyume chake hawakuacha nyumba wala jina. Majani yakiota, wao ndio wafunikwao kwanza.

Wengine husema kwamba hayo yamekwisha: Sultani Barghash bin Said wa Unguja alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na mwaka 1876 akaipiga marufuku misafara yao ya nchi kavu. Basi msafiri wa leo hana dhambi. Ni kweli, hana dhambi. Lakini ana deni. Aliyerithi shamba hakulifyeka yeye, ila si vema asimjue aliyelifyeka.

Tena wako watu wa namna ya tatu, nao hawaonekani njiani kwa sababu waliikimbia njia. Katika karne hiyo hiyo, mashambulio ya Wangoni yaliwasukuma Wamatengo kwenye milima na mapango. Huko, watu wengi katika ardhi chache yenye mteremko mkali, walishikamana na kilimo cha ngoro. Majani hukatwa na kupangwa miraba mithili ya wavu. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata. Shimo hushika maji ya mvua, udongo usichukuliwe. Hofu iliyowapandisha mlimani imetoweka, na chakula kingali kinapatikana.

Kwa hiyo apangaye safari hiyo asianze na njia, bali aanze na mlima. Akiisha kuwaona waliosalimika, ashuke ziwani, kisha ageukie mashariki, aende kama walivyokwenda mateka, na bahari iwe mwisho wa safari yake, si mwanzo. Wahenga walinena, «Mgeni njoo, mwenyeji apone.» Njia ya Kilwa iliwaleta wageni wengi ambao wenyeji hawakupona kwa kuja kwao. Msafiri wa leo hawezi kuibadili safari ile. Lakini akiuliza kabla ya kutazama, akamlipa mwenyeji kwa haki, na akarudi na habari za wasio na majina, atakuwa mgeni wa namna nyingine katika njia ile ile.