Kijana Aliyebaki Nyuma
(Luka 2:41–52)

Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa siku nzima wakidhani ya kuwa mtoto yumo msafarani, naye alikuwa na miaka 12. Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani tu.

Sisi nasi twadhani. Siku ya kipaimara kanisa hujaa, wazazi huchinja, majina huandikwa kitabuni. Miezi michache baadaye twapita sokoni Kiboriloni, twawakuta wale wale wakibeba mitumba ya nguo, nao wakituona hugeuza uso. Mmoja wao alikoma kuja ibadani, nasi tukamhesabu kuwa mvivu, hata mwenzake alipotuambia ya kwamba babaye amefariki, na yeye ndiye awalishaye wadogo zake. Tuliona haya.

Mchungaji Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi hata mwaka 1938, alitwaa desturi ya rika ya Wachaga, akawaunga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo, kila mmoja awe mlinzi wa mwenzake. Si yote aliyoyafikiri juu ya mila tunayoyakubali, walakini katika hili alitenda vema, maana habari za kijana huzijua kwanza mwenzake, si mchungaji.

Wazazi wale walirudi Yerusalemu, wakamwona siku ya tatu kati ya waalimu, akisikiliza na kuuliza maswali. Basi, waalimu wa vijana, fungueni kitabu cha kipaimara cha mwaka jana, mkawaulize waliopo habari za wasiokuwapo. Sisi twaanza Jumamosi hii, pale pale sokoni.