Akili ya Mmoja, Hasara ya Wawili

Mwaka 1950 Albert Tucker, mwalimu wa hisabu huko Marekani, alipiga mfano wa wafungwa wawili, nasi twautia hisabu hizi. Wamewekwa mbalimbali, hawawezi kusemezana. Mmoja akimtaja mwenziwe aliyenyamaza, ataachwa huru, na mwenziwe atafungwa miaka 10. Wakitajana, kila mmoja miaka 5. Wakinyamaza wote, kila mmoja mwaka 1.

Basi na apime mmoja wao. Mwenziwe akinyamaza, kumtaja kwampa uhuru badala ya mwaka 1. Mwenziwe akimtaja, kumtaja kwampa miaka 5 badala ya 10. Kwa hali zote mbili kutaja ndiko bora kwake, na mwenziwe apima vivyo hivyo. Hivyo hutajana, na hapo ndipo watuapo: hapana awezaye kugeuka peke yake akapata nafuu. Na mwaka 1 umewapita!

Je, hisabu imekosa? La. Imepima nafsi isiyojali ila faida yake. Mtu aonaye khiana kuwa nzito kuliko kifungo, mizani yake ni nyingine. Lakini uaminifu wa mmoja peke yake humtia miaka 10. Amana yataka wawili. Kwa hivyo mjue mwenzio kabla ya kushirikiana naye, nawe uwe mtu wa kujulikana kwa kutimiza ahadi.